Unene wa Kiraka

Muthomi alipofika Nyeri kutoka Nkubu, na begi moja na cheti cha chuo kikuu kilichokuwa bado kinanukia wino, mtu aliyempokea ofisini alikuwa Wacera. Moffat Gicheru, mwenye kampuni, alikuwa ametoka. Kwa hiyo ni Wacera aliyemwonyesha meza yake, akamwonyesha ufunguo wa choo unapotundikwa, akamwonyesha na waya wa umeme usioguswa mvua ikinyesha. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na kila mgeni.

"Utaizoea," Wacera alimwambia alipomwona anakunja pua. "Mimi siku hizi nikienda nyumbani nasikia kama kuna kitu inakosekana."

Kazi yao ilikuwa programu ya kupokea kahawa. Chama cha ushirika chenye viwanda vyake huko Kiriaini na sehemu za jirani kilikuwa kimepata kompyuta kwa wafadhili, moja kila kiwanda, ili mkulima akileta kahawa yake mbichi ipimwe, jina lake liandikwe, na risiti itoke papo hapo. Wakulima walikuwa wamechoka na vitabu vya makarani. Kampuni ya Moffat ndiyo iliyoiandika programu hiyo, na kwa kweli aliyeiandika ni Wacera, kabla Muthomi hajaja, akiwa peke yake na feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kulalamika.

Programu haikuisha siku ilipokabidhiwa. Kila mwezi kulikuwa na jambo la kurekebisha. Na kwa kuwa hawakuweza kubeba programu nzima kila mara, walituma kiraka. Waliweka folda ya zamani upande huu na folda mpya upande ule, wakaiambia kompyuta izilinganishe mstari kwa mstari, na kile kilichotofautiana, hicho tu, kikaandikwa katika faili moja. Faili hiyo ndiyo kiraka. Ilitiwa kwenye disketi, ikapelekwa kiwandani, karani akaandika amri moja na kompyuta yake ikakishona kiraka mahali pake.

"Sasa sikiliza hapa," Wacera alimwambia Muthomi wiki ile ya kwanza, wakiwa wameketi bega kwa bega mbele ya skrini. "Hii editor yetu, hii tunaandikia programu, iko na tabia. Ukifungua faili ukabadilisha kitu, inakuwekea nakala ya vile faili ilikuwa kabla. Faili ya akiba. Unaona hii alama mwisho wa jina, imepinda kama mkia wa panya? Hapa ofisini tunaziita mikia."

"Naziona. Ziko nyingi."

"Ziko nyingi kwa sababu tunafanya kazi. Ni nzuri, ukiharibu unarudi nyuma. Lakini ni za mezani kwako. Ukienda kutengeneza kiraka, unaambia kompyuta isiangalie kitu yoyote iko na mkia. Unaandika hivi." Aliandika. "Usipoandika, itafikiri mikia pia ni kazi mpya. Itaweka yote ndani."

"Na zikiingia, zinadhuru nini?"

"Mara ya kwanza, hakuna. Kiraka kinafura tu. Mara ya pili, mikia iliyoko kwa karani haifanani na yako, na kompyuta inaanza kumuuliza maswali. Na karani hajui kujibu."

Muthomi aliandika maneno hayo kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya meza yake. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Alikuwa pia mwepesi wa kucheka, na baada ya miaka miwili ya kufanya kazi na feni, Wacera alishtuka kugundua jinsi alivyokuwa na hamu ya kusikia mtu akicheka.

Walianza kula chakula cha mchana pamoja, githeri ya mahindi na maharagwe kwenye kibanda cha nyuma ya soko. Wacera alipomweleza mama yake, Wakiuru, kwamba kuna kijana wa Meru ofisini ambaye amepanga chumba na hana hata sufuria ya maana, Wakiuru alimtumia nduma zilizochemshwa, zikiwa zimefungwa kwa kitambaa. Jumapili moja Muthomi akaja Gatitu, nyumbani kwa kina Wacera, kurudisha kitambaa. Akakuta bati la jikoni limeinuliwa na upepo, akavua koti, akapanda, akalipigilia misumari. Wakiuru alimwangalia kutoka chini, mikono kiunoni, kisha akamwangalia binti yake. Tangu siku hiyo Wacera alianza kupiga pasi blauzi ya Jumatatu siku ya Jumamosi.

Moffat Gicheru hakujua kusoma programu, wala hakuona haya kusema hivyo. Alikuwa ametumika benki miaka mingi na aliamini vitu vinavyoshikika. Kila kiraka kilipokamilika aliagiza kichapishwe, kwa sababu wakaguzi wa chama huenda wakaja kuuliza, na printa yao ilikereza karatasi ndefu zenye matundu pembeni mpaka watu wa duka la chini wakapanda kulalamika. Moffat alizichukua karatasi hizo, akazikunja vizuri, akazishika katikati ya kidole gumba na cha shahada kama mtu anayepima ubora wa blanketi. Halafu ndipo alipotia sahihi.

Mwezi wa tatu wa Muthomi, wote wawili walimaliza viraka wiki moja. Cha Wacera kilikuwa cha kuzuia risiti za wakulima wenye majina yanayofanana zisichanganyike. Lilikuwa jambo lililomkosesha usingizi. Kosa lilikuwa limejificha mahali ambapo hata yeye aliyeandika hakufikiria kuangalia, na alipolipata, marekebisho yalikuwa mistari michache. Karatasi zake zilikuwa tatu. Cha Muthomi kilikuwa cha kubadilisha namna tarehe inavyoandikwa. Printa ilikereza kuanzia chai ya saa nne mpaka karibu na chakula cha mchana.

Moffat alitoka chumbani kwake akiwa ameubeba mzigo ule kwa mikono miwili. Jeniffer wa mapokezi aliacha kuongea na simu.

"Hii," alisema Moffat, akauangusha mezani ili wasikie kishindo chake, "ndiyo mimi naita kazi. Kijana hata mwaka hajamaliza! Wacera, angalia. Usikasirike, lakini angalia."

Wacera aliangalia. Alifunua karatasi moja baada ya nyingine, na ilimchukua muda mfupi tu kutambua alichokuwa anakiona. Ilikuwa kazi yake mwenyewe. Ilikuwa mistari aliyoiandika miaka miwili nyuma, faili nzima nzima, zimeingizwa na alama za kujumlisha pembeni kana kwamba zimezaliwa wiki hii. Chini ya jina la kila moja kulikuwa na kamkia.

Alingoja Moffat arudi chumbani. "Muthomi, umesahau mikia," alisema kwa sauti ya chini.

Muthomi aliweka kiganja mdomoni. Uso wake ulibadilika rangi kabisa. "Haki, nimesahau. Wacera, pole. Nitaitoa."

Lakini sahihi ilikuwa imeshapigwa, na disketi ilikuwa imeshakwenda stendi.

Mwezi uliofuata alisahau tena. Na uliofuata. Wacera alimkumbusha kwa mzaha, kisha kwa uso mkavu. Kila mara alijibiwa kwa pole ile ile. Ofisini Moffat alianza kumwita Muthomi "injinia," na kumwita Wacera "mama wa kurasa tatu," akicheka, na Jeniffer akicheka naye kwa sababu ilibidi.

Siku aliyojua ukweli, Wacera alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Muthomi akingoja kuazima stepla. Muthomi hakumsikia. Alikuwa anaandika amri ya kutengeneza kiraka, na aliiandika yote vizuri, pamoja na ile sehemu ya kuacha mikia nje, kama alivyofundishwa. Kisha akatulia kidogo. Kisha kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kufuta, kikaifuta sehemu hiyo herufi kwa herufi, akabonyeza enta. Ukutani juu yake karatasi ya wiki ya kwanza haikuwapo tena. Ilibaki gundi tu.

Stepla hakuiazima. Alimngoja kibandani saa ya chakula, na githeri ilipoletwa akamuuliza moja kwa moja.

Muthomi hakukana. Alizungusha kijiko ndani ya sahani. "Bosi anataka kuona karatasi," alisema. "Mimi nimempatia karatasi. Nani ameumia?"

"Viwandani wataumia."

"Hawajaumia. Umesikia Ndungu, karani wa Kiriaini, akipiga simu? Hajapiga." Aliinua macho. "Wacera, wewe uko na mama yako hapo Gatitu, uko na shamba, unalala kwenu. Mimi nyumbani kuna wadogo wangu wanangoja nipate kusimama. Na kuna ile kazi ya mkuu wa programu, chama kimeambia Moffat achague mtu mmoja. Atachagua na nini? Anajua kusoma? Anapima na vidole." Kisha akasema, kwa upole kabisa, kile kilichomchoma Wacera zaidi ya yote: "Wewe pia acha tu kuitoa hiyo mikia. Tutakuwa sawa."

Na Wacera, kusema kweli, alilifikiria. Alirudi mezani akakaa mbele ya skrini, akaandika amri bila ile sehemu, akaiangalia. Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini alimwona Ndungu akilini, karani mwenye miwani iliyofungwa uzi, akifungua mzigo wa takataka zake na kudhani ni kazi. Aliona haya kama mtu anayetaka kumpa mgeni kikombe kisichooshwa. Akaiandika tena ile sehemu.

Alikwenda kwa Moffat badala yake. Alibeba viraka viwili, cha Muthomi na chake, akavifungua juu ya meza, akaeleza. Alieleza taratibu. Moffat alisikiliza akiwa ameegemea kiti, na kadiri Wacera alivyozidi kueleza ndivyo macho yake yalivyozidi kulainika, kama ya mtu anayemwonea mwingine huruma.

"Wacera," alisema mwishowe. "Mtu mzima kama wewe. Kijana wa watu ametoka mbali, anajitahidi, wewe unaingiwa na wivu?"

"Si wivu, Bwana Moffat. Hizi karatasi si kazi. Ni nakala za zamani."

"Na zako ziko wapi?"

"Zangu nimeziacha nje. Ndiyo inatakikana hivyo."

Moffat alikaa wima. "Kwa hivyo wewe hutoa vitu kwa kazi ya mteja."

"Natoa mikia."

"Unatoa." Alilishika neno hilo kama alivyoshika karatasi, katikati ya vidole. "Sawa. Nimesikia. Rudi kazini."

Mvua za mwaka ule wa El Nino zilianza mapema na hazikujua kuacha. Kahawa iliiva yote kwa wakati mmoja, barabara zikakatika, na viwanda vikajaa watu tangu asubuhi. Muthomi alikuwa ametuma kiraka kipya, kinene kuliko vyote. Asubuhi iliyofuata Ndungu alipiga simu kutoka Kiriaini, na sauti yake ilisikika juu ya kelele za watu.

"Madam Wacera, risiti zimechanganyikana! Mama mmoja amepewa kahawa ya mwenzake. Wanataka kunipiga!"

Muthomi alisema hawezi kwenda, ana mkutano na watu wa chama. Moffat alimtazama Wacera. "Enda wewe."

Alifika Kiriaini akiwa na matope mpaka magotini. Ndungu alikuwa amejifungia ofisini, na wanawake wamesimama nje na magunia yao chini ya upenu wa bati, wakisema yaliyokuwa yakisemwa tangu enzi za vitabu: makarani ni wezi. Wacera aliketi mbele ya kompyuta na kumuuliza Ndungu kilichotokea, hatua kwa hatua.

"Niliweka disketi kama kawaida. Ikaanza kuuliza. Ikaniambia ati hii kiraka inaonekana ilishonwa zamani, nikitoe? Nikasema ndiyo. Ikauliza tena. Nikasema ndiyo. Iliuliza mpaka nikachoka, Madam. Nilisema ndiyo kwa kila kitu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mikia ya Muthomi ilikuwa imekutana na mikia ya miezi iliyopita iliyokwisha kujazana kwenye mashine ile. Kompyuta ilipoanza kuchanganyikiwa ilimuuliza mtu asiyejua, naye kwa heshima yake alikubali kila kitu. Marekebisho ya majina yanayofanana yalikuwa yamefumuliwa yote. Programu ilikuwa imerudi ilivyokuwa kabla Wacera hajaligundua lile kosa.

Alifanya kazi bila kusimama. Alifagia mikia yote, akarudisha faili kutoka kwenye disketi alizokuja nazo, akatengeneza kiraka kisafi na kukishona. Kisha akamwita mwanamke wa kwanza, akampimia yeye mwenyewe, akampa risiti, na mwanamke huyo akalisoma jina lake kwa sauti kubwa ili wenzake wasikie. Jua lilipotua foleni ilikuwa imekwisha. Ndungu alimletea chai kwenye kikombe cha bati na hakuacha kumshukuru.

Wacera alirudi Nyeri akidhani sasa wataelewa.

Asubuhi yake aliitwa chumbani kwa Moffat. Mwenyekiti wa chama, mzee Wamae, alikuwa amekaa na kofia yake magotini. Muthomi alikuwa karibu na dirisha.

"Nimeambiwa watu wangu walitaka kupigana," alisema Wamae. "Nataka kujua ni kwa nini."

"Kuna faili hazikuwa sawa, mzee," alisema Moffat. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Alimgeukia Muthomi. "Injinia, sema ukweli mbele ya mwenyekiti. Hapa ofisini kuna mtu huacha faili nje akitengeneza kiraka?"

Wacera alimtazama Muthomi, na bado, hata wakati ule, alikuwa anamngoja.

Muthomi alitazama meza. "Wacera huziacha," alisema.

"Faili gani?" aliuliza Wamae.

"Zile za akiba."

Mzee Wamae aligeuka polepole. Alikuwa mtu wa ushirika tangu ujana wake; kwake hilo lilikuwa neno la kuheshimiwa. "Za akiba?" alisema. "Akiba ndiyo mnaacha nje?"

"Mzee, si akiba ya namna hiyo," Wacera alisema haraka. "Ni nakala za zamani, editor inaziweka yenyewe. Ndizo zilileta shida, hazifai kupelekwa—"

"Mtoto, ngoja. Kuna akiba?"

"Kuna, lakini—"

"Na wewe uliitoa."

"Niliitoa kwa viraka vyangu, na vyangu ndivyo havina makosa! Vyake ndivyo—"

"Sasa unamtupia mwenzako," alisema Moffat.

Wacera alijisikia anazama. Kila alilosema lilikuwa kweli na kila alilosema lilimzamisha zaidi. "Muulizeni," alisema. "Anajua. Nilimfundisha mimi. Muthomi, waambie."

Wamae alimwangalia kijana. "Ni kweli anavyosema?"

Muthomi alipitisha ulimi kwenye midomo. "Kila mtu ako na njia yake ya kufanya kazi, mzee," alisema.

Ilitosha. Moffat hakupaza sauti. Alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu, akangoja mpaka Wacera alipoelewa kwamba anataka ufunguo wa ofisi.

Muthomi alimfuata kwenye ngazi, akamfikia chini, mbele ya duka la dawa. Mvua ilikuwa inapiga barabara. "Wacera. Wacera, sikusema uwongo."

Wacera alikuwa anafungua mwavuli na mwavuli haukufunguka. "Ungesema uwongo," alisema, "ningekuwa na kitu ya kujibu."

Alitoka hivyo hivyo, mwavuli mkononi, akalowa.

Kazi ya mkuu wa programu alipewa Muthomi. Alihamia nyumba ya mawe kule Ruring'u, na hakukanyaga Gatitu tena. Kwa wiki kadhaa Wakiuru aliuliza, "Yule kijana wa Meru amepotelea wapi?" mpaka siku aliporudi kutoka kanisani na hakuuliza tena. Wanawake wa kikundi chake walikuwa wamesogea mbali naye kwenye benchi alipoketi. Nyeri si mji mkubwa. Habari zilikuwa zimezunguka kwamba binti yake ndiye aliyefuta akiba ya chama, na watu waliozisikia hawakufikiria faili. Walifikiria kile ambacho mtu yeyote angefikiria.

Wacera aliomba kazi mahali pengi. Sehemu mbili walikisifu cheti chake, wakampigia Moffat simu, na hawakumwita tena. Mwishowe chuo kidogo cha makarani, karibu na uwanja wa michezo wa Ruring'u, kilimchukua kufundisha kuchapa. Wasichana waligonga mashine kuukuu kwa pamoja, yeye akipita katikati akiwasahihisha vidole. Kompyuta haikuwapo. Alijiambia kwamba hakuitaka.

Simu ilikuja chuoni mvua ikiwa bado inanyesha. Katibu alimwita nje ya darasa.

"Madam Wacera? Ni Ndungu, wa Kiriaini." Nyuma yake kulikuwa na zile kelele, ila mara hii zilikuwa nyingi zaidi. "Nimekutafuta kila mahali. Kiraka kingine kilikuja. Mashine imeanza tena maswali, safari hii nilikataa, nikasema hapana kwa kila kitu, sasa imesimama kabisa. Haipimi."

"Piga ofisi."

"Nimepiga. Muthomi ako Nairobi kwa semina. Moffat anasema nizime niwashe. Nimezima nimewasha. Na kamati ilipitisha hakuna kahawa inapokelewa bila risiti ya mashine, hata kilo moja. Watu wako hapa tangu asubuhi, magunia yako kwa mvua. Niambie tu cha kuandika, Madam. Niko na kalamu."

Wacera alijua cha kuandika. Alikijua kama alivyojua jina lake: amri moja ya kufagia mikia, nyingine ya kukishona kiraka bila hiyo mikia. Angeweza kumsomea herufi kwa herufi, na kabla maji ya chai hayajachemka foleni ingeanza kusogea. Maneno yalikuwa mdomoni.

"Ndungu," alisema. "Walikwambia nini juu yangu?"

"Walisema ni wewe uliharibu."

"Na wewe ulikuwa pale. Ulinitengenezea chai. Uliwaambia nini?"

Alisikia pumzi yake. Alisikia mtu akigonga mlango huko Kiriaini kwa kiganja. "Madam," alisema Ndungu, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mimi ni karani tu."

"Basi ngojea injinia wako," alisema Wacera, na akakata simu.

Mkono wake ulibaki juu ya simu. Alingoja iite tena. Alijua kwamba ikiita atamwambia. Haikuita. Alirudi darasani, akasimama nyuma ya msichana mmoja, akamwambia asiangalie vidole.

Jumapili dada ya mama yake, tata Wamaitha, alikuja Gatitu. Alikuwa ameolewa upande wa Kiriaini na hawakuwa wamemwona tangu mvua zianze. Aliingia jikoni akiwa na sketi iliyoganda matope, na harufu ya kitu kilichochacha iliingia pamoja naye, kali, kama pombe.

"Msinishike, nanuka," alisema. "Mmesikia vile tulifanyiwa? Tulikaa kiwandani na kahawa mpaka giza. Ati mashine imekufa. Tukaambiwa turudi nayo. Turudi nayo namna gani, na ile barabara? Wengine waliacha hapo hapo. Mimi nilibeba yangu, nikarudi nayo kesho yake, ikakataliwa. Siku ya tatu ilikuwa imeoza yote, imetoa povu. Nimemwaga kwa shimo. Mwaka mzima, Wakiuru. Nilipalilia hiyo kahawa na huu mgongo."

"Mungu wangu," alisema Wakiuru.

"Halafu akaja kijana mmoja Mmeru na gari, kijana mzuri, ana adabu. Akakaa hapo kidogo tu, mashine ikaamka. Mwenyekiti alimsimamisha mbele yetu tukampigia makofi." Tata Wamaitha alifungua kamba za viatu. "Hata mimi nilipiga. Ungefanya nini?" Kisha akainua uso. "Wacera, si wewe ulisomea hizo mashine? Ungekuwa huko, ungetusaidia."

Wakiuru alimtazama binti yake, akingoja, na Wacera alichukua birika akamimina chai, akaongeza maziwa mpaka karibu yamwagike.

"Ningewasaidia, tata," alisema.

Alimpa sketi yake kavu avae, akaichukua ile yenye matope na kuipeleka nje kwenye bomba. Aliisugua kwa sabuni ya kipande, akaikamua, na maji yakatoka ya kahawia. Akaisuuza. Alipoinusa bado ilikuwa ina ile harufu, akaitia sabuni tena, akasugua pale pale mpaka vifundo vya vidole vikamwasha. Ndani alimsikia tata yake akimweleza mama habari ile tangu mwanzo, na mama akisema pole, pole sana.